Moteri Nzito kwenye Njia ya Walikale

Moteri ile ililetwa Mushaki juu ya kamyo ya mtu mwingine, imelazwa ubavu, imefungwa kamba huku na huku kama ng'ombe mgonjwa. Ilitoka kwenye kiwanda cha kupasua mbao, ambako ilikuwa imezungusha misumeno kwa miaka mingi bila kusogea mahali pake. Ilikuwa moteri ya mazuti, mafuta mazito ya dizeli. Watoto walikimbia kuitazama. Mimi nilisimama mlangoni na ungo wa maharagi mkononi, maana nilijua kwamba chuma kile ndicho kingeamua kama mume wangu angepata tena kazi au la.

Mume wangu alikuwa shofere wa Mzungu mmoja mwenye shamba la ng'ombe na viazi juu ya Mushaki. Sisi wote tulimwita Patron. Kamyo yake ilikuwa moja ya zile zilizobaki baada ya vita vya Wazungu, kamyo ya esanse, ile petroli nyepesi, yenye pua fupi na mlio mwembamba. Ilipakiwa viazi, maharagi na mashu, yaani kabichi, ikateremka kupitia Masisi mpaka kwenye kambi za machimbo ya Walikale, kisha ikarudi na mafuta ya mawese na mchele. Siku moja, ikiwa inapanda kutoka msituni na mzigo, ilitoa moshi mweupe, ikagonga ndani, ikanyamaza. Ilivutwa mpaka nyumbani, ikawekwa garajini, na mume wangu akaanza kulima viazi vya Patron pamoja na vibarua wengine.

Kwangu mimi kamyo hiyo haikuwa kazi ya mume peke yake. Mimi ni mtoto wa Walikale. Baba yangu alikuwa mwindaji. Alipokufa, mama alibaki na kaka yangu mkubwa katika kijiji kilicho kando ya njia, kabla ya kufika Walikale penyewe. Ni pale mume wangu aliponiona, siku aliposimama kuomba maji ya radiateri. Aliomba maji mara nyingi mwaka ule, hata radiateri ilipokuwa imejaa. Nikaolewa, nikapandishwa huku kwenye ukungu na baridi, kwenye vilima visivyo na miti mikubwa, na kwa muda mrefu nililala na nguo zangu zote mwilini. Kamyo ndiyo iliyoniunganisha na mama. Nilimpelekea viazi na maharagi. Yeye alinirudishia samaki wa kukaushwa kwa moshi, ndizi, na maneno. Mume wangu alifikisha maneno yale vizuri, hata yale ya kumsema yeye mwenyewe.

Tangu kamyo ife, maneno yalikatika.

Fundi wa Patron alikuwa mtu mzima aliyetoka upande wa Kasongo, mpole, mwenye kikohozi. Alitoa moteri ya zamani kwa mnyororo uliofungwa kwenye boriti ya mkaratusi juu ya garaji. Nilikuwa pale, nimewaletea chai. Moteri ya zamani ilipanda, boriti haikusema kitu. Kisha wakafunga ile ya mazuti, wakavuta. Boriti ikalia, ikapinda katikati, vumbi likatuangukia vichwani. Wanaume wote waliacha kuvuta, wakaangalia juu.

Fundi aliweka mti mwingine chini ya boriti, wakaendelea. Lakini kabla ya kuiteremsha ndani ya kamyo, alimwita Patron, na mume wangu akasogea pia.

“Itaenea?” Patron aliuliza.

“Itaenea, Bwana. Nitakata chuma kidogo, nitasogeza radiateri mbele. Lakini kuko ile esie.”

Esie ni chuma kile kinene cha mbele, kinacholala kutoka gurudumu moja mpaka lingine. Pua yote ya kamyo inakalia juu yake. Mimi nilikuwa sijawahi kukitazama. Siku ile nilikitazama, nikaona ni chuma cheusi tu, chenye matope.

“Esie iko na nini?” Patron aliuliza.

“Haina kitu. Lakini ilitengenezwa kubeba moteri nyepesi.”

“Itabeba hii ao haitabeba?” mume wangu aliuliza.

Fundi alikohoa, akafuta mikono, akagusa resori, zile springi za mabamba zilizo juu ya esie. “Sijuwe,” alisema. “Resori naweza kuzitia nguvu, naongeza mabamba. Esie siwezi kuiongeza kitu. Iko vile ilizaliwa.”

Patron aliinama, akagonga esie kwa fimbo yake mara kadhaa, kama mtu anayepiga hodi. Hakuwa mtu mbaya. Viazi vyake vilikuwa vinaoza ghalani, na mke wake alikuwa amerudi kwao Ulaya asirudi tena. Siku nyingi alikula amesimama jikoni. Alisema, “Kamyo hii ilibeba askari mu vita. Itabeba na moteri. Tutaona mu njia.”

Jioni, nyumbani, mume wangu alikaa muda mrefu bila kugusa ugali.

“Askari walikaa nyuma,” alisema hatimaye. “Moteri inakaa mbele.”

“Ungemuambia.”

“Nimuambie nini? Fundi mwenyewe hajuwe. Pengine Patron iko na haki.”

Nilimsogezea mboga. Ndani ya moyo wangu nilitaka kamyo itembee, na yeye alijua nataka.

Kamyo ikatembea. Mlio wake ulikuwa mwingine kabisa, mzito, wa kugonga kifuani, na watu wa Mushaki waliusikia kutoka mbali wakatoka nje. Kwenye milima ilipanda vizuri kuliko zamani; kwa hilo kila mtu alifurahi. Lakini usukani ulikuwa umekuwa jiwe. Mume wangu alirudi kutoka safari ya kwanza akiwa hawezi kuinua mikono kuvua shati. Nilimvua mimi. Nilimkanda mabega kwa mafuta ya mawese yaliyopashwa moto, na chini ya vidole vyangu nyama yake ilikuwa ngumu, inatetemeka yenyewe.

Akaanza tabia ya kuangalia magurudumu. Kila alipotoka kwenye kamyo alirudi nyuma hatua chache, akachuchumaa, akafumba jicho moja. Alisema yale ya mbele yanaegemea, vichwa vyake vinaingia ndani kidogo. Alichukua kamba, akapima nafasi baina yao kwa juu, halafu kwa chini, akafunga fundo.

“Angalia,” aliniambia. “Iko sawa ao iko tofauti?”

Nilichuchumaa karibu naye. Niliona kama yanaegemea. Nilipohamia upande mwingine niliona yako wima.

“Sioni vizuri,” nilisema.

“Na mimi vilevile.”

Fundi naye aliitwa. Aliangalia, akasema yanaegemea kweli, lakini pengine yaliegemea tangu zamani, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kuyaangalia zamani. Hilo ndilo lililomsumbua mume wangu kuliko yote. Kama angejua kwamba esie inapinda, angeenda kwa Patron kusema. Kama angejua kwamba haipindi, angelala. Hakujua, na hakuna aliyejua, na kila wiki viazi vilipakiwa.

Nilimwona akibadilika. Alikuwa mtu wa maneno mengi mezani, mwenye kuiga sauti za watu. Akawa anakula akisikiliza, kana kwamba barabara iko ndani ya sahani. Nilimwambia aache kazi, tuende Kibabi kwa mama yake, tulime. Akasema shamba la Kibabi ni dogo, ndugu zake wamekwisha kuligawana, na sisi tuna watoto wawili. Alisema hivyo kwa upole. Nami nilijua kwamba akiacha usukani sitamwona mama tena.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza pale habari ilipofika. Aliileta mume wangu mwenyewe, pamoja na samaki na mafuta. Alishuka, hakuyaangalia magurudumu. Alikuja moja kwa moja jikoni.

“Mama yako iko mugonjwa,” alisema. “Kaka yako ananiambia hakuli tena. Anataka kukuona.”

“Nitaenda na safari ijayo.”

“Njo vile nilimuambia.”

Patron alikubali nipande kamyo. Mama mkwe alikuja kutoka Kibabi kukaa na watoto. Usiku kucha nilikaanga karanga na kufunga unga wa uji, maana mama alipenda uji mwepesi. Asubuhi, garajini, niliwakuta mume wangu na fundi wakibishana taratibu. Mume wangu alitaka magunia yapunguzwe, kamyo iwe nyepesi kwa ajili ya matope. Fundi alisema magunia yako nyuma, hayaisaidii pua kwa kitu. Ukiyatoa, pua ndiyo inabaki nzito peke yake.

“Kwa hiyo tuongeze?” mume wangu aliuliza.

“Sikusema tuongeze.”

Mwisho walitoa magunia kadhaa, si mengi wala si machache, kama watu wanaotaka kumridhisha kila mmoja. Nikapanda mbele, kando ya mume wangu, na miguu yangu ikahisi joto la moteri kupitia bati.

Tulipita Masisi tukalala hapo, na kulipopambazuka tukaanza kuteremka. Wanaoijua njia hiyo wanajua jinsi baridi inavyokuacha kidogo kidogo, migomba inavyoongezeka, halafu miti mikubwa inaanza kufunga juu. Nilifungua nguo ya shingoni. Nilisikia harufu ya kwetu, harufu ya majani yanayooza na moshi, na kwa mara ya kwanza tangu habari ile nikawa na matumaini. Mume wangu hakusikia harufu yoyote. Kila teremko aliegemea usukani kwa kifua chote, jasho likimdondoka kidevuni, na pua ya kamyo ilikuwa inavuta kwenda chini kama mtu anayesukumwa mgongoni.

Kwenye mto mmoja mdogo kulikuwa na daraja la magogo. Alisimamisha kamyo, akashuka, akalipita kwa miguu, akapiga kila gogo kwa kisigino. Akarudi.

“Iko muzuri,” alisema.

Tukaingia polepole sana. Katikati, upande wangu, nilisikia mti ukivunjika chini, mlio laini wa mti uliooza. Gurudumu la mbele likazama baina ya magogo mawili, na pua yote ikaanguka juu yake. Kisha mlio mwingine, wa chuma, usiokuwa mkubwa. Nilipigwa bega kwenye mlango. Moteri ikaendelea kunguruma mpaka mume wangu alipoizima.

Alishuka, nikashuka nyuma yake kwa upande wake. Alilala kifudifudi juu ya magogo kuangalia. Gurudumu lilikuwa limelala kama mguu wa mtu aliyevunjika kifundo, kichwa chake kimebana kwenye resori, na ile esie nyeusi, ambayo siku ya kwanza niliiona imenyooka, ilikuwa na mgongo.

“Imepinda,” nilisema.

“Ndiyo.”

Alikaa kwenye gogo, mikono juu ya magoti, akaiangalia mikono.

Watu wa kijiji cha karibu walitokea, wanaume na wanawake wenye vikapu. Walitusalimia, wakazunguka kamyo, wakatupa pole. Chifu wao mdogo alisema kamyo za machimbo hupita; zitatusaidia. Na kweli, kabla jua halijawa kali, tulisikia gari. Lilikuja kutoka upande wa Masisi, nyuma yetu, gari dogo la machimbo, likiwa tupu, linaelekea Walikale. Shofere wake alikuwa kijana aliyemfahamu mume wangu.

Nilimkimbilia. Nilimweleza habari ya mama.

“Panda, Mama,” alisema. “Sitakataa. Lakini nitapita wapi?”

Nikageuka. Kamyo yetu ilikuwa imejaza daraja lote, ubavu kwa ubavu. Chini maji ya mvua yalikuwa yamepanda, mekundu, hayavukiki na gari. Ng'ambo njia iliendelea, nyeupe, kavu kidogo, ikaingia chini ya miti. Nilisimama baina ya gari linaloweza kunipeleka na njia ya kunipeleka, na kilichozuia kilikuwa chetu wenyewe.

Walijaribu. Hilo siwezi kulisahau, jinsi watu wale ambao hawakutujua walivyojaribu. Kwanza waliteremsha magunia yote ya viazi, wakayapanga kando ya njia chini ya majani ya migomba. Nyuma ya kamyo ikainuka, ikawa nyepesi. Kisha wakaleta miti mirefu, wakaiingiza chini ya pua, wakaning'inia juu yake wanaume kwa wanawake, mimi nikiwa kati yao. Tuliimba wimbo wa kuvuta mtumbwi. Mti wa kwanza ukavunjika. Tukaleta mnene zaidi. Kamyo ilitikisika, ikapumua, ikarudi palepale. Moteri ilikaa mle ndani kama jiwe la mto. Yule shofere kijana alisema, huku akifuta jasho, kwamba kama ingekuwa moteri ya esanse tungekwisha kuitoa. Mume wangu alimsikia, akageuza uso.

Jioni gari la machimbo likarudi kinyumenyume mpaka mahali pa kugeuzia. Shofere yule aliahidi kupeleka habari Masisi, na kutoka huko itafika Mushaki kwa fundi. Tulisikia mlio wake ukipungua mlimani. Ukaisha.

“Niende kwa miguu,” nilimwambia mume wangu.

“Leo hapana. Mu pori hii, peke yako, jua linaanguka.”

“Basi twende wote.”

Aliangalia magunia. “Nikiacha mali ya Patron ikiibiwa, nitafungwa. Unajua.”

Nilijua. Sikumkasirikia. Ningependa kusema kwamba nilimkasirikia, maana hasira ingenipa kitu cha kufanya. Tulikaa kwenye ubao wa kamyo, tukala karanga nilizomkaangia mama.

Asubuhi walipatikana wanawake wawili wa kijiji waliokuwa wakienda kupeleka chumvi kwa ndugu zao upande ule, na mzee mmoja mwenye mkuki aliyetutangulia. Mume wangu alinifunga kifurushi mgongoni. Aliniambia, “Mwambie Mama ninakuja,” kisha akanyoosha kamba ya kifurushi ambayo tayari ilikuwa imenyooka.

Tulivuka kwa kupanda juu ya kamyo, tukashuka ng'ambo, tukatembea. Nilikuwa nimezoea vilima. Msitu ulikuwa umeanza kunisahau, na matope yalinivua viatu mpaka nikavibeba mkononi. Tulilala kwa watu, tukatembea tena. Wale wanawake walikuwa wema, hawakuniuliza mengi. Mmoja alikuwa akihesabu vijiji kwa sauti ndogo kila tulipokipita kimoja, ili nisikie kwamba tunakaribia.

Siku iliyofuata, penye mwinuko, nilimwona mtu anakuja upande wetu na fimbo. Nilimjua kwa mwendo kabla ya uso. Alikuwa kaka yangu.

Alisimama, akavua kofia yake ya rafia.

“Kaka, unaenda wapi?” nilimuuliza.

“Kamyo ilichelewa. Nilikuja kukupokea.”

“Na Mama?”

Aliangalia wale wanawake, kisha mimi. “Tulimuzika jana, dada.”

Sikulia papo hapo. Nilishusha kifurushi chini, kwa sababu kilikuwa kizito, na nikakaa juu ya mzizi. Wanawake walikaa kila mmoja upande wake. Kaka yangu alichuchumaa mbele yangu, akaanza kunieleza kama mtu anayetoa hesabu, macho chini.

“Tuliwangoja. Kila siku aliuliza kama kamyo imelia. Iko siku tatu sasa, kuko kamyo ya machimbo ilipita, akasema, njo wao, wamefika. Tukamuambia, Mama, hapana, ile si mulio ya kamyo yao. Akasema sisi hatujuwe kitu, moteri ilibadilishwa, sasa mulio iko ingine. Akaomba tumuketishe mulangoni.”

“Mkamketisha?”

“Tulimuketisha. Kamyo ikapita. Tulimuambia pengine itasimama mbele kidogo kuweka maji.”

Hapo ndipo nililia.

Nilikaa kwa kaka yangu siku zote za matanga. Katekista alikuwa amesali kaburini, na wazee walikuwa wamefanya yao kwa namna mama alivyotaka, kwa kuwa alikuwa ameyaomba yote mawili. Mimi nilikuta udongo mbichi na alama za mikono ya watu. Wanawake waliniogesha, wakaninyoa, wakanipa chakula cha kwetu ambacho nilikuwa nimekitamani miaka yote kule kwenye baridi, na nilishindwa kukimeza.

Mume wangu alifika wakati nywele zangu zilikuwa zimeanza kuota tena. Tulisikia mlio mzito kutoka mbali. Watu wote wa nyumba walinyamaza. Alishuka akiwa amekonda, nguo zimeungua kwa cheche. Fundi alikuwa amekuja na jeki, na mivukuto ya mhunzi. Walikuwa wametoa esie, wakaichoma kwenye moto wa makaa kando ya mto, wakainyoosha kwa nyundo, wakiilinganisha na kamba iliyovutwa. Nusu ya viazi ilikuwa imeoza. Alienda kaburini kwanza, peke yake, kisha akaja kukaa na wanaume, akala walichompa.

Baadaye tulikaa sisi wawili nyuma ya nyumba.

“Fundi anasema,” alianza, “anasema lile gogo lingeipinda hata ingekuwa na moteri ya zamani.”

Nilifunga upya kitambaa changu kichwani.

“Halafu tulipoitoa, akaona mahali palipopauka. Akasema pengine ilianza kupinda zamani, na gogo ilimaliza tu. Nikamuuliza, sasa ya kweli iko gani? Akasema hajuwe.”

“Wacha maneno ya esie,” nilimwambia.

“Nawaza kama ningekataa siku ile ya kwanza.”

“Ungekataa, angeendesha mwingine.”

“Ndiyo. Lakini wewe ungekuja na miguu, mapema.”

Ilikuwa kweli, na haikuwa kweli pia: bila yeye kwenye kamyo nisingepata habari kwamba mama anaumwa. Nilimshika bega lile la kushoto, ambalo lilikuwa halipandi tena vizuri, nikaanza kulikanda. Mafuta hayakuwepo, nililikanda kavu.

Watoto wangu walikuwa Mushaki. Hakukuwa na njia nyingine ya kuwarudia isipokuwa kupanda kamyo ileile, kukaa juu ya chuma kilekile kilichonyooshwa kwa macho. Kaka yangu alinifungia ndizi na samaki. Tulipanda. Njia yote sikuangalia mbele. Niliangalia mikono ya mume wangu kwenye usukani. Tulipofika darajani, ambako magogo mapya yalikuwa yamewekwa, nilimwomba anishushe. Nilivuka kwa miguu, nikaendelea kutembea bila kugeuka mpaka moteri ikanifikia mgongoni. Alifungua mlango, nikapanda tena.

Mushaki tuliikuta ndani ya ukungu. Patron alikuwa amesimama garajini na koti lake la mvua. Aliangalia magurudumu kwanza, jinsi mtu yeyote angefanya, kisha akaniona nilivyonyolewa. Alivua kofia.

“Pole, Mama,” alisema.

Alimfokea mume wangu juu ya viazi, si kwa nguvu, kisha akaingia ndani. Kesho yake asubuhi vibarua walianza kupakia magunia mapya.

Mume wangu aliiendesha kamyo ile mpaka Patron alipomuuzia mfanyabiashara mmoja wa upande wa Lubero. Esie haikupinda tena, au kama ilipinda hatukuona. Baadaye tulisikia kwamba bado inatembea kule, na moteri yake ni ile ile. Mume wangu aliendesha magari mengine, mepesi, na bega lake halikupona. Uzeeni, kila alipokutana na mtu aliyesoma ufundi, alimweleza habari yote tangu mwanzo: boriti, mabamba ya resori, gogo, mahali palipopauka. Kisha akamuuliza kama esie ile ingeweza kuibeba moteri. Wengine walisema ingeweza, wengine walisema haikuweza tangu siku ya kwanza. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akawashukuru, akarudi nyumbani polepole, akaniomba maji ya kunywa.